Karakana Moja kwa Shule Nyingi

Wengi wenu mtakumbuka mdahalo uliofanywa katika bwalo letu muhula uliopita, ambao hoja yake ilikuwa kwamba elimu ya ufundi ina faida kubwa kuliko elimu ya vitabu vitupu. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga mkono hoja. Nilizungumza kwa dakika saba, nikapigiwa makofi, nikaketi hali nimeridhika. Ndipo akainuka kijana mmoja wa kidato cha pili, mdogo wa kimo, akaniuliza: "Bwana Msemaji, hizo karakana za kufundishia ufundi ziko wapi?" Bwalo zima likaangua kicheko, nami sikuwa na jibu. Tulishindwa kwa kura nyingi.

Makala haya nimeyaandika ili kumjibu kijana yule, ingawa nimechelewa.

Mwalimu wetu wa Jiografia aliponiona nimenuna kwa siku mbili, aliniita akanipa kusoma habari za jimbo la Arizona huko Marekani. Jimbo hilo liko kusini-magharibi ya nchi ile, limepakana na Meksiko, na sehemu yake kubwa ni jangwa. Miji yake mikubwa ni Phoenix na Tucson. Nilidhani nitasoma habari za mawe na mvua chache, kumbe mwalimu alitaka nisome habari za shule.

Kwanza yafaa nieleze neno moja, kwani mimi mwenyewe lilinipoteza njia. Huko Marekani shule za serikali haziongozwi na wizara moja kutoka mji mkuu kama zetu. Nchi imegawanywa katika wilaya za elimu, na wilaya hizo si wilaya zenye Mkuu wa Wilaya kama tuzijuavyo sisi. Aghalabu kila moja ina halmashauri yake ambayo wakazi huichagua kwa kura, ina mipaka yake, na ina uwezo wa kupata kodi ya mali, kama vile nyumba na viwanja vilivyomo katika eneo lake. Mji mmoja unaweza kuwa na wilaya kadhaa za namna hiyo.

Sasa fikirini taabu iliyokuwapo. Chukua shule moja ya sekondari ambayo wanafunzi wake wanane wanataka kujifunza ufundi wa magari. Ili kuwafundisha vizuri inatakiwa karakana, magari ya kufungua na kufunga, mitambo ya kuyainua, vifaa vya kila namna, na fundi hodari wa kufundisha. Mkuu wa shule gani atatumia fedha zote hizo kwa watoto wanane? Wengine sita wanataka uuguzi, nao wanahitaji vitanda na vifaa vya hospitali. Watano wanataka upishi. Shule ikijaribu kuwatimizia wote itafilisika, na ikikataa, watoto wale watakaa darasani wakisubiri kengele. Lakini shule ya jirani nayo ina wanane wa magari, na ya tatu kadhalika. Shule kumi zikiweka watoto wao pamoja, wale wanane wamekuwa themanini, na karakana iliyokuwa anasa imekuwa na kazi ya kufanya asubuhi na jioni.

Hesabu hiyo ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la nne aiweza. Jambo gumu ni kujua ni nani atakayekuwa mwenye karakana hiyo. Na hapa ndipo watu wa Arizona walipofanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni la akili sana. Mwaka 1990 jimbo lilitunga sheria inayoruhusu wilaya za elimu kadhaa kuungana na kuunda wilaya nyingine juu yao, ambayo kazi yake ni moja tu, kufundisha ufundi. Wilaya za zamani hazikuvunjwa. Kila moja iliendelea na shule zake, ila kwa habari ya ufundi zikawa na mwana mmoja wa kulea pamoja. Ya kwanza ilianza mwaka 1991 katika mji wa Mesa, mashariki ya Phoenix, ikaitwa East Valley Institute of Technology, na watu huiita EVIT kwa kifupi. Inapokea wanafunzi kutoka Mesa yenyewe, Gilbert, Chandler, Tempe, Scottsdale na kwingineko. Upande wa kusini, watu wa Tucson na wilaya zilizouzunguka mji huo walipiga kura mwezi wa Novemba 2006, wakakubali kuunda ya kwao, na masomo yakaanza mwaka 2007.

Wilaya hizo haziundwi kwa amri. Wakazi ndio wanaoulizwa kwa kura, kwa sababu wao ndio watakaolipa. Kodi yenyewe imewekewa kikomo na sheria, nayo ni senti tano za dola kwa kila dola mia moja za thamani ya mali iliyokadiriwa kwa kodi. Ni kidogo kwa mtu mmoja, lakini eneo likiwa pana na lenye nyumba nyingi hupatikana fedha si haba. Licha ya kodi hiyo, jimbo nalo hutoa fedha kwa kufuata idadi ya wanafunzi, na mwanafunzi anayesoma pande mbili huweza kuhesabiwa pande zote mbili, ili shule yake ya asili isione kwamba inanyang'anywa. Nimesisitiza neno hili kwa sababu naona kama lisingewekwa, wakuu wa shule wangewaficha wanafunzi wao.

Mwanafunzi anaishije? Nusu ya siku husoma katika shule yake, Kiingereza, hesabu, historia na mengineyo. Nusu nyingine hupanda basi kwenda kwenye chuo cha pamoja, avae nguo za kazi. Ada ya masomo halipi. Ufundi mwingine haufundishwi pale chuoni bali katika shule zenyewe, kwa fedha na usimamizi wa wilaya ya ufundi, pale ambapo shule ina wanafunzi wa kutosha. Walimu wengi wametoka kazini. Aliyekuwa fundi wa magari kwa miaka mingi anaweza kupata cheti cha kufundisha kwa kutambuliwa kazi aliyoifanya. Na mwisho wa masomo katika fani nyingi mwanafunzi hujaribiwa apate cheti au leseni inayotambuliwa na waajiri, mathalani ya msaidizi wa muuguzi au ya ususi na urembo, kabla hajatimiza miaka ishirini.

Msidhani huko mambo yote ni asali. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilipitisha bajeti iliyoazimia kuzipunguzia wilaya hizi za ufundi takriban dola milioni 30, na ilionekana kwamba baadhi ya masomo yangefungwa. Wazazi, waajiri na wanafunzi walipiga kelele, na mwezi wa Februari 2016 sheria nyingine ikarudisha sehemu kubwa ya fedha hizo kabla panga halijashuka. Nadhani kelele zilisikika kwa sababu palikuwa na halmashauri iliyochaguliwa, yenye jina na anwani, iliyoweza kusema "hiki ni chetu." Karakana ambayo ni chumba cha nyuma cha shule fulani haina wa kuililia.

Jambo la pili ni la aibu zaidi. Serikali kuu ya Marekani ilianza kutoa fedha kwa elimu ya kazi za mikono katika shule kwa sheria ya mwaka 1917, na kwa miaka mingi elimu hiyo ikawa mahali pa kuwatupa watoto wa maskini, na watoto weusi, na wale ambao mwalimu alikwisha amua kwamba hawana akili. Jina lenyewe likanuka. Sheria ya mwaka 2006 ikalibadili, na siku hizi huitwa elimu ya taaluma za kazi na ufundi. Jina jipya peke yake halisafishi kitu, lakini linaonyesha kwamba walijua pana uchafu.

Natuje nyumbani, maana kijana wa kidato cha pili hakuniuliza habari za Arizona.

Sisi tumejaribu ufundi mara nyingi kuliko wengi wetu tujuavyo. Ifunda ilikuwa shule ya ufundi tangu miaka ya 1950, na Moshi kadhalika. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Mamlaka ya VETA ikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Na sasa, kwa sera ya elimu ya mwaka 2014 iliyotolewa upya mwaka 2023, tuna mkondo wa amali, ambao ulianza kwa kidato cha kwanza katika baadhi ya shule mwaka 2024. Sisi wa kidato cha nne tuliingia kabla yake, basi haukutugusa.

Lakini mchepuo wa zamani umetuachia kitu. Nyuma ya mabweni kuna jengo refu la bati, ambalo kidato cha kwanza huambiwa kuwa lina nyoka. Ndani yake mna vitanda vilivyovunjika. Kwa ruhusa ya mtunza stoo, mimi na wenzangu wawili tuliingia Jumamosi moja kuhesabu. Chini ya vitanda mna meza sita za useremala, jiliwa kumi na mbili ambazo kumi zinazunguka bado, na mashine ya kukereza isiyo na mota. Nyoka hatukumwona.

Nikafanya hesabu ya Arizona kwa kipimo chetu. Tuna shule tatu za kutwa jirani, moja kilomita tatu, moja tano, moja kumi na moja. Jiliwa kumi na mbili, wanafunzi wawili kwa kila moja, ni watu ishirini na wanne kwa zamu. Siku nne, zamu ya asubuhi na ya mchana, ni zamu nane. Kwa shule nne, kila moja zamu mbili kwa juma. Wanafunzi tisini na sita, badala ya ishirini na wanne wetu peke yetu, na Ijumaa ikabaki kwa kunoa patasi na kutengeneza kilichovunjika. Wale wa kilomita kumi na moja hawana basi, na kutembea mwendo huo mara nne kwa juma ni mateso, kwa hiyo wao nimewapa Alhamisi yote, zamu mbili kwa safari moja. Bado hawajala. Nani atawapa ugali wa mchana? Hapo hesabu yangu ilikwama, na umeme wa njia tatu sikuugusa kabisa.

Mwenye karakana ni nani, hilo ndilo kubwa. Ikiwa yetu, siku msumeno utakapopotea tutawafungia wageni mlango. Kwa hiyo naona inatakiwa kamati ya shule zote nne yenye akaunti yake na ufunguo wake, na fundi mmoja wa mjini anayelipwa na kamati hiyo. Kama haiwezekani, basi tusiwaombe wageni waje.

Mjomba wangu, aliyesoma Ifunda na sasa anachomelea mageti, aliisoma karatasi yangu akasema, "Mpwa wangu, umesahau mkaa wa gundi." Kumbe gundi waliyoitumia wao ilikuwa ya kuchemsha. Baba hakucheka. Alikuja siku ya wazazi, nikamwamkia, nikamweleza kwamba fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo imefika na kwamba nataka Chuo cha Ufundi Arusha badala ya kidato cha tano. Alinyamaza kitambo, akasema: "Mwanangu, mimi ufundi siukatai. Nakataa mtoto wangu awekwe katika fungu la waliokataliwa." Sikuweza kumwambia kwamba anakosea, kwa sababu nilikwisha soma kwamba huko Marekani ndivyo ilivyokuwa, na hapa kwetu nimewasikia wanafunzi wenzangu, na wakati mwingine mimi mwenyewe, tukisema fulani amefeli ataenda ufundi. Nimemwandikia barua ndefu yenye mambo haya haya mnayoyasoma. Hajajibu. Fomu itarudishwa kwa Mwalimu wa Taaluma siku ya Ijumaa, na kwa penseli nimeandika Arusha kwanza, kisha tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati.

Na wewe kijana wa kidato cha pili, njoo Jumamosi baada ya usafi. Mtunza stoo ameahidi kutufungulia. Kuna vitanda vya kutoa nje, na zile jiliwa mbili zilizokwama zinahitaji mafuta.