Upatanisho wa Kisarufi na Kazi ya Visimbuzi: Jinsi Simu Inavyosahihisha Makosa

Mwalimu aliyeko Koboko akimpigia mwenzake wa Arua na kusema, "Kile kikombe kikubwa kimevunjika," kisha upepo ukameza silabi ya kwanza ya neno "kikombe", msikilizaji hatapata taabu. Kiambishi ki- kimejitokeza mara nne katika sentensi hiyo, na kilichopotea mahali pamoja kinathibitishwa na vilivyobaki. Ndiyo maana tunawaambia wanafunzi wetu kwamba upatanisho wa kisarufi si pambo. Katika Kiswahili cha sokoni, ambapo aghalabu husikika "kikombe kubwa imevunjika", maana hufika, lakini kinga hiyo imepungua.

Mwalimu huyo huyo akitaja namba ya simu ya kutumiwa pesa, hali hubadilika. Tarakimu hazina ngeli. Tarakimu moja ikisikika vibaya, hakuna nyingine itakayoonyesha kosa, na pesa zaweza kumfikia mtu baki.

Simu yenyewe hukabiliwa na tatizo hilo kila mara, kwa kuwa ujumbe wake wote ni mfululizo wa biti, yaani 0 na 1, na mawimbi huchafuliwa njiani na umbali, vilima na minara mingine. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alithibitisha kwamba ujumbe unaweza kufika salama hata katika njia yenye kelele, mradi uongezewe ziada kwa utaratibu maalumu na kasi isivuke kiwango cha njia hiyo. Mwaka 1993 Claude Berrou na wenzake nchini Ufaransa walitangaza msimbo wa turbo, uliokaribia sana kiwango hicho. Msimbo huo ulitumiwa katika simu za kizazi cha tatu na cha nne. Katika kizazi cha nne kila biti hutengenezewa biti mbili za ziada, kabla idadi hiyo haijapunguzwa au kuongezwa kulingana na hali ya njia. Hizo ndizo "ki-" za simu.

Kisimbuzi na kumbukumbu yake

Sehemu inayosoma biti pamoja na ziada yake na kukisia kilichotumwa tutaiita kisimbuzi. Haiamui mara moja. Kwa kila biti huweka kiwango cha imani, kama msomaji asemaye "nadhani ni 1, lakini sina hakika sana". Husoma kifurushi kwa mpangilio wake wa kawaida, kisha hukisoma tena kwa mpangilio uliovurugwa kwa makusudi, na maoni ya usomaji mmoja husaidia mwingine. Mpangilio huvurugwa ili biti zilizoharibika kwa pamoja zitawanyike. Mzunguko huo hurudiwa mara kadhaa, na viwango vyote vya imani lazima vihifadhiwe katika kumbukumbu.

Siku ya soko mjini Arua, mnara mmoja huhudumia simu nyingi kwa wakati mmoja. Kisimbuzi kimoja hakitoshi. Basi wahandisi huweka visimbuzi kadhaa vifanye kazi sambamba, na hapo ndipo swali la kugawana kazi na kumbukumbu linapoanza.

Njia ya kwanza ni kukipa kila kisimbuzi kifurushi chake. Hakuna ugomvi, lakini visimbuzi vinne vinahitaji kumbukumbu mara nne, na kila kifurushi huchukua muda ule ule wa zamani kukamilika. Njia ya pili ni visimbuzi vinne kugawana kifurushi kimoja. Kumbukumbu ya kifurushi hubaki moja, na kazi huisha mapema. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hugawanywa katika makabati, na kila kabati humfungulia mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Mpangilio ukivurugwa ovyo, visimbuzi viwili vitafika kwenye kabati moja, na kimoja kitasubiri.

Kifurushi kidogo kabisa cha kizazi cha nne kina biti 40, na kikubwa kabisa kina 6144. Tuchukue kile cha 40, makabati manne ya nafasi kumi kumi: 0 hadi 9, 10 hadi 19, 20 hadi 29 na 30 hadi 39. Kanuni ya kuvuruga ni hii: zidisha namba ya nafasi kwa 3, zidisha mraba wake kwa 10, jumlisha, gawanya kwa 40, uchukue baki. Visimbuzi vinne vikianza na nafasi 0, 10, 20 na 30, kanuni huvipeleka 0, 30, 20 na 10. Vikienda 1, 11, 21 na 31, huvipeleka 13, 3, 33 na 23. Kila mara ni makabati manne tofauti, tena nafasi ile ile ndani ya kila kabati. Hakuna anayemsubiri mwenzake.

Bado kuna shida ya mipaka. Kisimbuzi kinachoanza katikati ya kifurushi ni kama msomaji aliyepewa neno "kimevunjika" bila kujua ni kitu gani. Dawa yake ni kuanza kusoma nyuma kidogo ya sehemu yake, au kupokea taarifa iliyoachwa na jirani katika mzunguko uliopita.

Kugawana kazi kwa haki

Vifurushi havilingani kwa uchafu. Tuseme vinne vinahitaji mizunguko 2, 2, 3 na 8. Kazi halisi ni mizunguko 15. Visimbuzi vyote vikingojana hadi cha mwisho kimalize, muda uliotengwa ni wa mizunguko 32, na zaidi ya nusu umepotea bure. Kwa hiyo kisimbuzi husimama mara tu ukaguzi unapoonyesha kifurushi ni safi, kisha huchukua kingine kutoka foleni moja ya wote. Mizunguko nayo huwekewa kikomo. Kikifikiwa bila mafanikio, mtumaji huombwa arudie. Nakala mbovu haitupwi, bali huunganishwa na ile mpya, nayo pia hudai nafasi katika kumbukumbu.

Funzo ni kwamba kuongeza wafanyakazi pekee hakuleti kasi. Kasi huletwa na mpango unaozuia wawili kugombea kabati moja, na mmoja kuwachelewesha wote.

Mwalimu wa lugha ana sehemu yake hapa. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kitumike kama lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wa Arua na Koboko watatuuliza maneno ya mambo kama haya. "Kisimbuzi" tayari hutumika Tanzania kwa kifaa cha televisheni, sawa na "king'amuzi", na mzizi wake, simbua, unaeleweka. Tunapendekeza zoezi moja darasani: kadi 40, masanduku manne, wanafunzi wanne. Wachukue kadi kwanza ovyo, kisha kwa kanuni iliyotajwa hapo juu, na darasa lihesabu ni mara ngapi mmoja amelazimika kusubiri.