Neno moja la Kiingereza lilivyotuchelewesha miaka minne

MWAKA wa 1992, nikiwa na umri wa miaka 12, familia yetu ilipanda dau kukimbia vita Kudhaa, kijiji cha Wabajuni kilicho pwani ya kusini mwa Kismayo. Tulipita Ras Kamboni, Kiunga na Lamu hadi tukafika Mombasa.

Kichwani nilikuwa na lugha tatu. Nyumbani tulisema Kibajuni, ambacho 'mtu' hukiita 'mchu' na 'nchi' hukiita 'nti'. Chuoni tulisoma Kiarabu. Shuleni kulikuwa na Kisomali, ambacho serikali ilikipa herufi za Kilatini na kukifanya lugha rasmi mwaka wa 1972. Kiingereza sikuwa nacho hata cha kuombea maji.

Katika kambi ya wakimbizi nilianza kukariri maneno. Nilipata orodha kutoka kwa mwenzangu: neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia. Kufikia 1994 nilijiona bingwa. Ndipo tulipoitwa kuhojiwa na ofisi moja iliyoshughulikia safari za ng'ambo, nami nikajitolea kuwa mkalimani wa jamaa zangu.

Afisa aliuliza kijana aliyeketi kando yangu ni nani. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, dada ya mama yangu. Kwetu huyo ni ndugu, hapana mjadala. Nikajibu: "He is my brother." Akauliza kama tuna mama mmoja. Nikasema hapana. Baba mmoja? Hapana. Afisa alitutazama, akaandika kitu, akafunga faili. Tulionekana waongo, na faili lile halikufunguliwa tena kwa miaka minne.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akitufundisha pale kambini alinisikiliza, kisha akaniambia: "Mwanangu, hukukosea neno. Ulikosea maana. Neno lisilo na sentensi ni samaki aliye nje ya maji."

Aliniamuru nichore safu tatu katika daftari. Ya kwanza neno, ya pili maana yake kwa ukamilifu, ya tatu sentensi inayotoka katika maisha yangu mwenyewe. Ukurasa wa kwanza niliandika hivi:

'Cousin': mtoto wa ami, shangazi, mjomba, mama mkubwa au mama mdogo. "He is my cousin. His mother and my mother are sisters."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba Kiswahili na Kiingereza havikati dunia kwa kisu kimoja. Sisi tuna 'mguu' mmoja. Waingereza wana 'leg', mguu mzima, na 'foot', kuanzia kifundo kwenda chini. "My leg is long, but my foot is small." Vivyo hivyo 'mkono': 'arm' ni mkono wote na 'hand' ni kiganja pamoja na vidole.

Kuna 'borrow' na 'lend', ambazo huwachanganya hata waliosoma. Anayepokea ndiye hu-'borrow', anayetoa ndiye hu-'lend'. "I borrowed a net from my uncle." Yaani niliazima wavu. "My uncle lent me a net." Yaani aliniazima. Wavu ni ule ule, ila mwenye kutenda amebadilika.

Na saa je? Mvuvi akisema dau litaondoka saa mbili asubuhi, usiseme 'two o'clock'. "The boat leaves at eight o'clock in the morning." Ukikosea, utamkuta mwenzako amekwisha tweka tanga.

Jambo hili si geni. Mwingereza A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza nchini Japan, aliandaa na wenzake kamusi kwa ajili ya wanafunzi wageni. Ilichapishwa Tokyo mwaka wa 1942, na Oxford University Press ikaitoa mwaka wa 1948. Haikuishia kwenye maana tu. Ilimwonyesha msomaji jinsi neno linavyokaa katika sentensi.

Msomaji, ukitaka kujaribu njia hii, usijibebeshe mzigo. Maneno matano kwa siku ni maneno 1,825 kwa mwaka. Yarudie kesho yake, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Sentensi iwe yako: taja jirani yako, soko lako, kazi yako. Na neno likija na jamaa zake, wakaribishe wote: 'fish', 'fisherman', 'fishing'.

Mwaka wa 1998, tukiwa tumekwisha hamia mtaani, tuliitwa tena. Afisa alikuwa mwingine, swali lilikuwa lile lile. Nikavuta pumzi: "He is my cousin. His mother and my mother are sisters. In our language we call him brother." Akatikisa kichwa kukubali, akaandika.

Ndugu yangu alisafiri mwaka uliofuata. Mama mkubwa hakuwahi kumsindikiza. Tulikuwa tumemzika Mombasa, faili likiwa bado limefungwa.

Daftari lile ningali nalo. Watoto wangu wakilicheka kwa kuchakaa kwake, huwafungulia ukurasa wa kwanza na kuwasomea mstari wa juu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza: kabla ya kulitoa neno kinywani, uliza limetoka wapi na linakwenda wapi.