Bustani ya Schönbrunn: Fahari ya wafalme iliyogeuka mali ya umma

MGENI anayezuru Vienna, mji mkuu wa Austria, hukosa mengi akiondoka bila kufika Schönbrunn. Hapo ndipo lilipo kasri ambamo familia ya Habsburg, iliyotawala sehemu kubwa ya Ulaya ya Kati kwa karne kadhaa, ilikuwa ikipitisha majira ya joto.

Kasri lenyewe lina vyumba 1,441, na anayetaka kuvitazama vile vilivyofunguliwa hulipa kiingilio. Bustani kubwa iliyo nyuma yake haina malipo. Treni ya mjini humshusha mgeni karibu na lango, na kila asubuhi wakazi wa mitaa jirani huingia kukimbia au kutembea pasipo kuulizwa wala kudaiwa chochote.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kaizari Maximilian II alipolipata eneo hilo mnamo 1569, alilifanya kuwa mahali pa kufugia na kuwindia wanyama. Jina Schönbrunn, lenye maana ya chemchemi nzuri, lilikuja baadaye. Majeshi ya milki ya Uthmaniya yalipouzingira mji mnamo 1683, majengo ya wakati huo yaliharibiwa, na ujenzi mpya ukaanza miaka ya 1690.

Aliyelipa kasri sura tunayoiona leo ni Maria Theresa, aliyetawala kuanzia 1740 hadi 1780. Katika enzi yake, bustani ilipangwa ili imweleze kila anayeitazama ukubwa wa watawala. Miti ilikatwa ikanyooka kama kuta. Sanamu 32 zilisimamishwa kandokando ya uwanja wa maua ulio mbele ya chemchemi ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi wa kale. Juu ya kilima ikajengwa Gloriette mnamo 1775, jengo la nguzo na matao linaloonekana kutoka madirisha ya kasri.

Kuna pia magofu ya Kirumi ambayo hayakujengwa na Mrumi yeyote. Yalijengwa mnamo 1778 yakiwa tayari yamebomoka, ili watawala waonekane kuwa warithi wa Roma.

Hata wanyama walitumika kuonyesha fahari hiyo. Bustani ya wanyama ya Schönbrunn ilianzishwa mnamo 1752 na Franz Stephan, mumewe Maria Theresa, nayo ndiyo kongwe zaidi duniani kati ya zile ambazo bado zinaendeshwa. Vizimba vilipangwa kuzunguka kibanda ambamo wakuu walikuwa wakistaftahi huku wakitazama viumbe kutoka mbali. Mnamo 1828, mtawala wa Misri, Muhammad Ali, alituma zawadi ya twiga. Mji mzima ulisisimka, na mitindo ya mavazi ikabuniwa kwa kumuiga mnyama huyo, lakini hakumaliza mwaka akiwa hai.

Msomaji wa Kenya akifika upande wa mashariki wa kasri atakuta bustani ndogo iitwayo Kronprinzengarten, yaani bustani ya mrithi wa kiti cha enzi. Mrithi huyo alikuwa Rudolf, mwana wa Kaizari Franz Joseph, ambaye vyumba vyake vilikuwa mkabala na bustani hiyo.

Ndiye Rudolf yule ambaye jina lake lilibandikwa ziwa letu la kaskazini. Samuel Teleki, Mhungaria aliyesafiri na Ludwig von Höhnel pamoja na wapagazi kutoka Zanzibar, alifika huko mnamo Machi 1888 na kuliita Ziwa Rudolf, ingawa watu walioishi kando yake walikuwa na majina yao. Rudolf alifariki Januari 1889 bila kuliona. Ilichukua hadi 1975 kwa ziwa hilo kuitwa rasmi Turkana.

Milango ya Schönbrunn ilifunguliwa kwa umma yapata mwaka wa 1779. Hata hivyo, ile ilikuwa hisani ya wenye enzi, na hisani hutegemea moyo wa mtoaji. Mambo yalibadilika mnamo Novemba 1918, Kaizari Karl alipotia sahihi ndani ya kasri hilo hilo hati ya kujiondoa katika shughuli za serikali. Jamhuri ikatangazwa siku iliyofuata, na Schönbrunn ikawa mali ya taifa.

Tangu 1996 kasri na bustani vimo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Mgeni na apande kilima hadi Gloriette, kisha ageuke nyuma. Mandhari yaliyotengenezwa ili familia moja iyatazame kutoka madirishani sasa yamejaa watoto, wazee na wapita njia. Sanamu zingali pale pale na miti ingali inakatwa kwa namna ile ile. Kilichobadilika ni mwenyewe.