Nyuki wasio na mzinga: wape nyumba karibu na bustani yako

Mkulima wa Kisesa anaweza kumwagilia matikiti yake vizuri, akaweka na mbolea, halafu matunda machanga yakageuka njano na kudondoka. Mengine hukua yamepinda, na sokoni hayapati mteja. Mara nyingi shida ni kwamba ua halikutembelewa na wadudu wa kutosha.

Matikiti, maboga na matango yana maua dume na maua jike. Ua jike utalijua kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Chavua, ule unga wa njano, lazima itoke kwenye ua dume ifike kwenye ua jike. Anayeibeba ni mdudu, hasa nyuki.

Nyuki si wa asali peke yao. Wapo wanaoishi mmoja mmoja, bila malkia wala mzinga. Jike hutafuta tundu, huweka humo chavua, hutaga yai juu yake, kisha huziba. Wengine huziba kwa udongo, wengine kwa vipande vya majani au utomvu wa miti. Hawatoi asali, na ni nadra kuuma kwa sababu hawana mzinga wa kulinda.

Usiwachanganye na nyigu wajengao kwa udongo ukutani. Nyigu hao hubeba buibui au viwavi kulisha watoto wao, nyuki hubeba chavua.

Kuwajengea nyumba hakuna gharama. Fanya hivi:

1. Chukua matete makavu au mianzi myembamba yenye tundu la milimita 5 hadi 10. Kata vipande vya sentimita 15 hivi, kila kimoja kibaki na fundo upande wa nyuma ili tundu lisitoboke.

2. Funga vipande 20 au 30 pamoja, uvichomeke ndani ya kopo au kipande cha bomba.

3. Kifunge imara chini ya upenu, kwa ulalo, urefu wa kifua cha mtu. Midomo ielekee mashariki ipate jua la asubuhi, na mvua isiingie.

4. Paka grisi kwenye waya wa kufungia ili sisimizi wasipite.

5. Weka karibu na bustani, kwani wengi wa nyuki hawa hawaendi mbali. Acha pia sehemu yenye udongo mbichi wa kujengea.

Ukiona tundu limezibwa, usilichokonoe. Ndani mna watoto, na watatoka baada ya wiki kadhaa au hata miezi. Matete yaliyokwisha kutumika yabadilishe, maana hukusanya vimelea.

Kumbuka wengine huchimba ardhini. Acha kipande cha ardhi kando ya bustani bila kukilima. Baadhi yao hutikisa ua la nyanya kwa kuvuma hadi chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali hawezi.

La mwisho ndilo kubwa: dawa ya wadudu. Maua ya maboga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya jioni. Ukipiga dawa asubuhi, unawaua wanaokuzalishia. Kama ni lazima upige, piga jioni, fuata vipimo vilivyoandikwa kwenye chupa, na usinyunyizie maua yaliyo wazi. Nyumba ya matete haina faida kama kila asubuhi bustani inanuka sumu.