Sakafu inayotoa vumbi: siku saba za maji ambazo familia nyingi huziruka

DODOMA. Upepo wa Julai hapa haupigi hodi. Mama anafagia sebule saa moja asubuhi, watoto wanakwenda shule, na ikifika saa nne juu ya meza kuna tabaka jipya la vumbi. Lawama zinakwenda kwa barabara, kwa bodaboda na kwa jirani anayejenga. Mara nyingi ni kweli. Lakini zipo nyumba ambazo sehemu ya vumbi hilo haikuingia kwa mlango wala dirisha. Linatoka kwenye sakafu yenyewe.

Kupima ni rahisi. Piga deki, acha pakauke kabisa, kisha sugua saruji kwa kiganja. Kikitoka na unga wa kijivu, sakafu inalika, na kila fagio linapopita linachota kidogo.

Kwa mtu mzima hiyo ni kero ya kufuta meza. Kwa mtoto wa miezi tisa ni jambo jingine. Anatambaa, pua yake iko karibu kabisa na sakafu, na mikono inaishia mdomoni. Na kwa mtoto mwenye pumu, vumbi linalotimka ni moja ya vitu vinavyoweza kuamsha kikohozi na kubanwa kifua usiku. Mzazi aliyewahi kukesha akisikiliza kifua kinachopiga filimbi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwamba sakafu inagusa afya ya mtoto si nadharia. Katika jimbo la Coahuila, eneo kame la kaskazini mwa Mexico, mwaka 2000 serikali ya jimbo ilianzisha mpango ulioitwa Piso Firme, wa kuzimwagia saruji familia zilizokuwa zikiishi kwenye sakafu ya udongo. Watafiti walilinganisha familia hizo na nyingine zinazofanana nazo katika miji jirani ambayo haikuwa na mpango. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kuwa nyumba iliyobadilisha udongo wote kuwa saruji ilipunguza vimelea kwa watoto wadogo kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hata akina mama walikuwa na furaha zaidi.

Saruji iliyofanya kazi hiyo, hata hivyo, ni ile nzima. Iliyopasuka inabaki na mchanga ndani ya nyufa, na humo funza na viroboto hupata pa kukulia kama ilivyokuwa kwenye udongo.

“Mama, kesho mnaingiza vitu”

Hapo ndipo familia nyingi za sehemu kavu zinapoponzwa. Fundi anamaliza kupiga niru jioni, sakafu inang'aa, na anasema maneno ambayo kila mwenye nyumba anatamani kuyasikia: “Mama, kesho mnaingiza vitu.” Kodi ya nyumba ya kupanga inaisha mwisho wa mwezi, nani atabisha?

Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakaza kwa kushikana na maji, taratibu, na ikikosa maji kazi hiyo inasimama njiani. Ndiyo maana inatakiwa kubaki na unyevu kwa siku zisizopungua saba, na nguvu yake hupimwa ikifikisha siku 28. Kwa jua na upepo wa Dodoma, maji ya juu yanaweza kupotea siku hiyo hiyo. Chini panakaza kiasi, juu panabaki unga. Nyufa nyembamba kama nywele zinazoonekana kesho yake asubuhi zina chanzo hicho hicho.

Shida ni kwamba maji yenyewe yananunuliwa kwa dumu, na kumwaga maji sakafuni wakati ndoo za jikoni ziko tupu kunaonekana kama kufuru. Ipo njia ya kubana matumizi. Saruji ikishakaza kiasi cha kutobonyea kwa kidole, ilowanishwe, kisha ifunikwe kwa nailoni nzito iliyobanwa pembeni kwa matofali, au kwa magunia yaliyoloweshwa na nailoni juu yake. Madirisha yasiyo na vioo yazibwe ili upepo usipite. Kwa chumba cha mita tatu kwa nne, madumu mawili ya lita 20 kwa siku yanaweza kutosha, kwa sababu yanayomwagwa hayapotei hewani.

Chumba hicho hicho kikipigwa tabaka la sentimita nne, kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, kinakula mifuko mitatu hadi minne ya kilo 50. Fundi akisema mmoja na nusu unatosha, hapo pana mazungumzo ya kufanya. Na mchanga uwe umechekechwa, usiwe na udongo. Niru nayo ipigwe tabaka la chini likiwa bado bichi. Ikipakwa juu ya saruji iliyokwisha kuwa ngumu itabanduka kama ganda la yai.

Watoto wakae mbali siku hizo. Saruji mbichi inaunguza ngozi, na mtoto anayekanyaga peku hatasikia maumivu mpaka baadaye.

Marumaru, zulia na mbao

Mwenye uwezo wa marumaru asidhani amekwepa hayo yote. Zikibandikwa juu ya sakafu ya unga, gundi inashika vumbi, na baada ya miezi zinalia tupu ukizigonga kwa sarafu. Tena mchanga unaoingia na viatu ni mgumu kuliko nakshi ya marumaru nyingi za bei nafuu, ndiyo sababu mbele ya mlango panafifia kwanza. Kwenye nyumba ya watoto wanaokimbia, zenye uso usioteleza zina faida kuliko zinazong'aa, hasa bafuni na jikoni. Zinazong'aa ni za kupokelea wageni, na watoto si wageni.

Zulia la ukuta hadi ukuta ni chaguo baya kwa nyumba ya upepo. Wadudu wadogo wa vumbi wanaosumbua wenye pumu hupenda unyevu, kwa hiyo Dodoma ina nafuu kuliko Tanga au Dar es Salaam, lakini zulia linabaki kuwa ghala la mchanga. Mkeka unaotolewa nje na kukung'utwa unashinda. Mbao za kubandika hupungua kiangazi na kuvimba masika. Fundi asipoacha nafasi pembeni, zinanyanyuka.

Waliokwisha kuhamia kwenye sakafu ya unga wana kazi mbili. Ya leo ni kuacha kufagia pakavu: nyunyiza maji kidogo au piga deki, mtoto mwenye pumu akiwa chumba kingine, na weka vitambaa viwili vya mlangoni, nje na ndani. Ya baadaye ni kusugua unga wote kwa brashi ya waya, kuosha, kisha kupaka dawa ya maji ya kukazia saruji. Ikiwa palipooza sana, fundi agongegonge uso wote uwe na makwaruzo, aulowanishe, apige tabaka jipya. Rangi ya sakafu juu ya unga ni hela ya kutupa.

Kwa wanaojenga sasa, makubaliano na fundi yanaweza kuandikwa kwa sentensi moja kwenye daftari: sehemu ya mwisho ya malipo inatolewa siku ya nane, nailoni ikifunuliwa, baada ya mwenye nyumba kupitisha kiganja.