USAFIRISHAJI WA VITU VYA HATARI NA BETRI ZA LITHIAMU KWA NDEGE
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Katika viwanja vya ndege vya Unguja na Pemba huonekana abiria ameamriwa kufungua sanduku lake, atoe betri ya akiba ya kuchajia simu na aichukue mkononi. Aliye nyuma yake huambiwa kwamba mtungi wake mdogo wa gesi hautasafiri kabisa, si katika sehemu ya mizigo wala katika chumba cha abiria. Wa kwanza hustaajabu, wa pili hujiona ameonewa. Kwa kuwa amri hizo mbili huonekana kama zinapingana, inafaa sababu zake zielezwe kwa urefu, kwani anayeijua sababu hahitaji kusimamiwa.

Msingi wa masharti hayo ni Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa uliotiwa saini Chicago mwaka 1944. Kiambatisho cha 18 cha Mkataba huo, kilichopitishwa mwaka 1981, ndicho kinachohusu vitu vya hatari, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake Montreal, hutoa maelekezo ya kitaalamu ambayo hurekebishwa kila baada ya miaka miwili. Hapa nchini usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Vitu vyenyewe vimegawanywa katika madaraja tisa: miripuko, gesi, vimiminika vinavyowaka, yabisi zinazowaka, vitu vinavyochochea moto, sumu na vijidudu vya maradhi, mionzi, vitu vinavyobabua, na daraja la tisa la vitu mchanganyiko. Betri za lithiamu zimewekwa katika daraja hilo la mwisho.

Wengi wakisikia maneno "vitu vya hatari" hudhani yanakusudia baruti na sumu za viwandani. Sivyo. Aghalabu vitu vinavyokamatwa ni vya jikoni na dukani: mtungi wa gesi, rangi ya mafuta na tina yake, dawa ya kuondoa madoa, kiberiti cha pakiti, fataki za sikukuu, na makaa ya kufukizia udi yale yanayoshika moto upesi. Makaa hayo, hata yakiwa yamefungwa vizuri katika boksi la dukani, hayaruhusiwi katika mizigo ya abiria. Mashine ya boti iliyokwisha kutumika, au jenereta, huwa bado ina petroli au mvuke wake ndani ya tangi, na mvuke ndio unaoripuka. Manukato ya kujipaka yanaruhusiwa kwa kipimo: chupa moja isizidi nusu lita, na jumla ya manukato na vipodozi vya abiria mmoja isizidi lita mbili.

Ama betri ya lithiamu, hiyo ina tabia yake peke yake. Ndani yake mna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba sana, na zote zimerowa katika kimiminika kinachowaka. Utando huo ukitoboka kwa sababu ya kubanwa, kuanguka, kuchajiwa kupita kiasi au kasoro ya kiwandani, umeme hukatiza njia na joto hupanda. Joto huharakisha kemikali ndani ya betri, nazo kemikali huzidisha joto, mpaka betri hutoa moshi na kuwaka. Betri moja ikifikia hali hiyo huiunguza ya jirani yake, nayo hiyo humwambukiza wa tatu, na mnyororo huo haungoji hewa ya nje ili uendelee.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kuichukua betri mkononi. Sehemu ya mizigo ya ndege kubwa za abiria ina mitungi ya gesi ya haloni, ambayo huzima miali ya moto. Lakini haloni haipozi. Miali ikizimika, joto hubaki ndani ya betri na mnyororo ule huendelea pale pale, chini ya miguu ya abiria, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kufika wakati ndege iko angani. Betri inayotoa moshi katika chumba cha abiria huonekana mara moja, na wahudumu wamefunzwa kuizima na kisha kuimiminia maji mengi ili ipoe. Mtungi wa gesi, kwa upande wake, hauna mhudumu awezaye kuutuliza ukivuja, na kwa hiyo hauna mahali ndani ya ndege. Amri mbili zilizoonekana kupingana zinatokana na hesabu moja.

Ajali iliyowafundisha wengi somo hili ilitokea Dubai, mji ambao wafanyabiashara wa Visiwani wanaujua vyema. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya UPS iliondoka huko kuelekea Cologne, Ujerumani. Dakika 22 baada ya kuruka, king'ora cha moto kilisikika. Marubani waligeuza ndege kurudi Dubai, lakini moshi ulijaa katika chumba chao hata wasiweze kuona vipimo vilivyo mbele yao, na ndege ilianguka karibu na mji. Marubani wote wawili walifariki. Uchunguzi ulibaini kwamba moto ulianza katika shehena yenye betri za lithiamu, na kwamba angalau mizigo mitatu ilikuwa na betri zilizostahili kutangazwa kuwa vitu vya hatari, ilhali hati za ndege hazikuonyesha mzigo wowote wa hatari.

Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zinazochajika, zikisafirishwa peke yake bila ya chombo chake, haziruhusiwi kuwa shehena katika ndege ya abiria. Katika ndege za mizigo ni sharti ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30, maana betri iliyojaa huwaka kwa ukali zaidi. Ofisi inayokusudia kupeleka Pemba boksi la betri mpya za kompyuta haiwezi, basi, kulikabidhi kwa ndege ya abiria kana kwamba ni boksi la karatasi. Njia yake ni meli, na huko pia wakala wa meli aarifiwe kilichomo. Betri za tindikali zinazotumika katika magari na katika vifaa vya kuhifadhi umeme vya maofisini zina hatari ya namna nyingine: tindikali ikimwagika hula chuma na kubabua ngozi.

Abiria binafsi ana nafasi pana zaidi, lakini yenye mipaka. Kipimo kinachotumika ni wati-saa, alama yake Wh. Betri isiyozidi Wh 100 inaruhusiwa. Iliyo kati ya 100 na 160 inahitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba za ukubwa huo zisizidi mbili. Iliyozidi 160, kama zilivyo nyingi za baiskeli za umeme, haichukuliwi na abiria kabisa, isipokuwa betri za viti vya magurudumu vya watu wenye ulemavu, ambazo zina utaratibu wake na zinataka shirika liarifiwe mapema. Ikiwa betri imeandikwa mAh tu, namba hiyo izidishwe kwa volti na jawabu ligawanywe kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni Wh 74, nayo inaruhusiwa. Ya mAh 30,000 hufika Wh 111, na mwenyewe hana budi kuomba idhini. Betri iliyofura, iliyopasuka au iliyowahi kuungua haisafiri kwa hali yoyote. Betri za akiba zizibwe ncha zake kwa utepe, au kila moja iwekwe katika mfuko wake, zisigusane na funguo na sarafu. Shirika la ndege lina haki ya kuweka masharti makali kuliko haya.

Liko jambo moja linalowahusu hasa wasafiri wa ndege ndogo. Baadhi ya ndege hizo huweka mizigo katika kasha lililo chini ya tumbo la ndege, na begi la mkononi likiwa kubwa huchukuliwa mlangoni na kupelekwa huko. Abiria aliyetii sharti nyumbani kwake hujikuta amelivunja pale uwanjani bila ya kukusudia. Begi likichukuliwa, pawabenki, betri za akiba na sigara za umeme zitolewe kwanza. Hili husahaulika kuliko yote, kwa kuwa hutokea wakati wa haraka.

Watumishi wa hospitali na maabara wanaosafiri na barafu kavu ya kupozea sampuli wanaruhusiwa kilo 2.5 kwa mtu mmoja, kwa idhini ya shirika, na sanduku liwe na tundu la kutolea gesi. Zebaki ina hukumu kali zaidi kwa sababu huila aluminiamu ambayo ndiyo mwili wa ndege. Barometa ya zebaki huchukuliwa na mwakilishi wa idara ya serikali ya hali ya hewa au taasisi rasmi ya namna hiyo peke yake, mkononi, na rubani akiarifiwa.

Mzigo unaopelekwa kama shehena una hati ya tamko, na anayeitia saini ndiye anayebeba dhamana. Karani asiitie saini kwa kukisia. Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya kampuni ya ValuJet ilianguka katika vinamasi vya Florida, Marekani, na watu 110 walipoteza maisha. Ilikuwa imepakia vizalisha-oksijeni vya zamani ambavyo hati yake ilisema ni vitupu, kumbe vilikuwa bado na nguvu ya kuwaka. Anayetia saini na afungue boksi, atazame, na akishuka moyo aulize ofisi ya shirika la ndege kabla ya siku ya safari.

Simu au pawabenki ikianza kufura, kutoa moshi au kuwa ya moto sana safarini, mhudumu aitwe papo hapo. Isifunikwe kwa blanketi wala kuwekewa barafu, kwani vyote viwili huzuia joto kutoka. Simu ikitumbukia ndani ya kiti, kiti kisisogezwe, kwa kuwa vyuma vyake huweza kuibana betri na kuitoboa. Mwezi Januari 2025, moto ulizuka ndani ya ndege ya Air Busan iliyokuwa ikisubiri kuruka katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, ukianzia katika kabati la juu la mizigo ya mkononi. Watu wote 176 waliokolewa, ila ndege iliteketea, na wachunguzi walisema huenda chanzo ni pawabenki. Kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo nchi hiyo ilikataza kuziweka katika makabati hayo. Mahali pake ni mfukoni, au chini ya kiti cha mbele, panapoonekana na mwenyewe.