Sabuni ya Kufulia Tuitengeneze Wenyewe

Mama mwenye watoto wanne, na mmoja wao bado yuko kwenye nepi, hahitaji kuelezwa jinsi sabuni inavyokwisha. Mche ulionunuliwa Jumatatu, ikifika Alhamisi kimebaki kipande cha kushika kwa ncha za vidole, na sare za shule bado zimo kwenye beseni. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumzie sabuni ya kufulia ya kutengeneza nyumbani. Akina mama wengi wanaiogopa bure, na wachache wanaitengeneza kwa ujasiri uliozidi.

Tuanze na hesabu. Kilo 1 ya mafuta hutoa kama kilo 1 na robo ya sabuni iliyokauka. Ukinunua mawese kwa chupa moja moja dukani, huenda usione faida yoyote, na mche wa dukani ukawa nafuu zaidi. Faida huonekana mnapochanga watatu au wanne mkanunua dumu la lita 20, au ukiwa na ndugu Kigoma anayeweza kukutumia mawese kwa bei ya huko. Andika bei ya mafuta, ya soda na ya nauli, ugawe kwa kilo za sabuni utakazopata, kisha linganisha na bei ya duka la jirani. Fanya hivyo kabla hujatoa senti.

Sasa vipimo. Chukua gramu 700 za mawese na gramu 300 za mafuta ya nazi. Mawese huipa sabuni ugumu, nazi huipa povu. Kostiki soda iwe gramu 145 na maji safi gramu 330. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji. Kijiko na kikombe havifai hapa, maana soda ikizidi sabuni itakubabua mikono, na ikipungua utabaki na mafuta yasiyogeuka sabuni. Tena usibadilishe mafuta ukaacha kipimo cha soda kilekile. Kila aina ina kiasi chake: nazi hutaka soda nyingi kuliko mawese, na alizeti hutaka kidogo zaidi.

Kostiki soda si magadi ya kupikia maharage. Hii ni dawa kali inayokula ngozi na macho, na mtoto akiimeza humuunguza koo. Kwa hiyo watoto wawe mbali, wamelala au wako kwa bibi. Vaa glavu za mpira, nguo ya mikono mirefu na miwani. Fanyia kazi nje, penye upepo. Na tafadhali, mama, usitumie sufuria zetu hizi za alumini. Soda huzila, zikatoa hewa inayowaka moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mti, navyo visirudi tena jikoni.

Tia maji kwanza kwenye ndoo, ndipo umimine soda kidogo kidogo huku unakoroga. Usimwage maji juu ya soda, yatachemka na kukurukia. Mchanganyiko utapata moto wenyewe bila jiko. Usivute mvuke wake. Uache upoe hadi ndoo ishikike bila kuunguza. Mafuta nayo yawe ya uvuguvugu. Mimina maji ya soda polepole kwenye mafuta, ukoroge mpaka yawe kama uji mzito, na mwiko ukiinuliwa uache alama juu yake. Kwa mkono kazi hiyo huweza kuchukua saa nzima. (Wapo wanaosisitiza ukoroge upande mmoja tu. Koroga upande wowote mkono unaotaka.)

Mimina kwenye sanduku la mbao lililotandikwa nailoni, ufunike kwa blanketi kuukuu. Siku ya pili ukate vipande, ukiwa bado na glavu, uvipange kivulini penye hewa kwa wiki 4. Hapo ndipo wengi hushindwa na subira, wakafulia sabuni mbichi na kulalamika kuwa inawasha na kuisha haraka. Ukikata ukakuta majimaji au chembe nyeupe za soda ndani, usiitumie.

Soda iliyobaki ifungwe vizuri kwenye chombo chake chenye maandishi, juu asipofika mtoto. Isitiwe kamwe kwenye chupa ya soda ya kunywa. Ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Mtoto akiimeza, msuuze kinywa, usimtapishe, umkimbize hospitali mara moja.

Wenye maji magumu ya kisima wataona sabuni hii inatoa utando kuliko povu. Sabuni ya unga ya dukani imetengenezwa kwa namna nyingine na haisumbuliwi sana na maji hayo. Dawa yake ni kutia kijiko cha magadi kwenye beseni la maji na kusubiri kidogo kabla ya kutia sabuni. Nguo za sufu usizitie kwenye maji hayo. Nepi zinaweza kulala humo usiku kucha, mradi asubuhi zisuuzwe mara 2 au 3 kabla hazijaanikwa juani.